Kumbukumbu za Jenerali, Mizigo ya Samarunga

Mwaka 1920 Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake za vita vya Afrika Mashariki, na tafsiri ya Kiingereza ikachapishwa London mwaka huohuo. Ni nadra taifa lililoshinda kumkimbilia namna hiyo mwandishi wa upande ulioshindwa. Tangu hapo sifa za mtu huyu zimekuwa zikirudiwa kwa mpangilio uleule: hakushindwa vitani, alipigana kiungwana, na askari wake Waafrika walimpenda hadi dakika ya mwisho. Mambo hayo matatu yamekaa kama mafiga. Ukiondoa moja, chungu kinamwagika.

Figa la tatu ndilo linalonishughulisha hapa. Wanahistoria wameshaandika mengi juu ya mapigano yenyewe, kuanzia Tanga mnamo Novemba 1914 hadi kusalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Kilichotazamwa kwa nadra ni fani ya masimulizi: nani ana jina na nani hana, nani anatenda na nani anatendwa, na sentensi inabadilika vipi Mwafrika anapoingia. Naamini sifa ya jenerali huyu ilifinyangwa humo. Naamini pia kwamba dharau ya rangi iliyomo kitabuni haiko kwenye matusi, maana matusi ni machache. Iko kwenye pongezi.

Kwanza hali iliyokizaa kitabu. Mwandishi aliingia Berlin mwezi Machi 1919 akiwa amepanda farasi, akapita chini ya Lango la Brandenburg akishangiliwa na umati uliokuwa umeshindwa vita na kukosa cha kushangilia. Miezi michache baadaye mkataba wa Versailles uliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, na hoja mojawapo ya washindi ilikuwa kwamba Wajerumani hawakufaa kuwatawala Waafrika. Mwaka 1920 jenerali alijiingiza katika jaribio la Kapp la kuipindua serikali, akafukuzwa jeshini. Basi alichapisha akiwa hana jeshi, katika nchi isiyo na makoloni. Msomaji wa Kijerumani wa mwaka ule aliposoma kwamba askari walibaki na bwana wao hadi mwisho, alisoma ushahidi wa kesi: Waafrika wenyewe wanatutaka, turudishiwe nchi yetu. Shahidi mwenyewe hakuitwa kusema. Alisemewa.

Na kumbuka kwamba katika miaka ileile magazeti ya Ujerumani yalikuwa yakipiga kelele dhidi ya askari Waafrika wa Ufaransa waliowekwa kulinda ukanda wa mto Rhine, yakiwachora kama wanyama wanaowinda wanawake wa Kizungu. Mwafrika mwenye bunduki alikuwa aibu ya ustaarabu akisimama upande wa pili wa mstari, na mtoto mwaminifu akisimama upande huu. Hakuna ukinzani hapo. Picha zote mbili zinamnyima mtu uamuzi wake.

Kitabu kimegawanywa katika sehemu tatu. Ya kwanza inaishia kabla ya kufika kwa majeshi ya Afrika Kusini. Ya pili inasimulia jinsi adui mwenye nguvu nyingi alivyoshambulia kutoka kila upande mpaka koloni likapotea. Ya tatu ni vita katika nchi za wengine, yaani Msumbiji ya Wareno na kisha Rhodesia ya Kaskazini. Muundo huu una hila yake. Mipaka ya sehemu hizo ni mienendo ya majeshi ya Kizungu. Msimu wa mvua, mavuno, njaa, kuondoka kwa wanaume vijijini, mambo ambayo kwa mtu wa Ugogo au wa Makonde ndiyo yaliyokuwa vita yenyewe, hayagawanyi chochote. Yameenezwa ndani ya kurasa kama hali ya hewa.

Mapema kabisa, akijitambulisha kwa msomaji, jenerali anaeleza kwamba alipata uzoefu mwingi wa vita vya porini alipokuwa Afrika ya Kusini Magharibi kati ya 1904 na 1906, katika makao ya Jenerali von Trotha. Anasema na kupita. Ni kama kusoma wasifu wa mtu anayeomba kazi. Lakini von Trotha ndiye aliyetoa amri ya kuwaangamiza Waherero mwezi Oktoba 1904, na mwaka 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilikiri kwamba yaliyotendeka kule yalikuwa mauaji ya kimbari. Katika sentensi ile maangamizi yamegeuka mafunzo. Waherero na Wanama wamo ndani yake kama watu ambao mwandishi alijifunzia kazi. Mimi husimama hapo kila ninapoifikia, kwa sababu inaweka kipimo cha kitabu kizima: kifo cha Mwafrika kinaingia kwenye hesabu pale tu kinapomfundisha au kumkwamisha kamanda.

Sauti inayosimulia ni nafsi ya kwanza, tulivu, yenye kupenda vitu. Kuna kurasa nzuri sana, na sitazikana. Anaeleza jinsi walivyotengeneza mkate bila ngano, walivyoshona viatu, walivyochemsha magome ya mti kupata dawa ya malaria, chungu kiasi kwamba wanajeshi waliibandika jina la pombe kali la kumtania kamanda wao. Msomaji anavutiwa. Ujanja huu wa kuishi bila meli wala ghala ndio uliowapendeza Waingereza, na hata leo wapo wanaomsoma kama mwalimu wa vita vya msituni. Ila chunguza vitenzi. Katika kurasa hizi chakula "kinapatikana". Mtama "unakusanywa". Wapagazi "wanaletwa". Kauli ya kutendwa inafanya kazi kubwa mno. Ghala la nani lilifunguliwa, na mwenye ghala alikula nini mwezi uliofuata, sarufi haimlazimishi mwandishi kusema.

Wagogo wana jina la njaa iliyofuata: Mtunya. Ilianza 1917 na kuendelea hadi karibu 1920, baada ya majeshi ya pande zote mbili kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume, kisha mvua zikakosekana. Katika kitabu cha jenerali tukio hilo halina jina. Mmoja wa madaktari wa jeshi lake, Ludwig Deppe, alichapisha kitabu mwaka 1919, na humo akakiri kwamba njia waliyopita waliiacha na vifo, vijiji vilivyoporwa na mashamba matupu. Watu wawili walitembea njia moja. Mmoja aligeuka kutazama nyuma, mwingine aliandika ukurasa juu ya viatu.

Sasa nifike kwa Samarunga.

Ni mwezi wa Oktoba 1918. Jeshi limetoka Msumbiji na linakatisha Ungoni kuelekea kaskazini. Watu wa huko waliomo jeshini wanaanza kuondoka, na jenerali anatoa sababu: mapenzi ya nyumbani, anasema, ni makali mno kwa watu weusi. Baada ya kanuni hiyo analeta mfano. Samarunga, mmoja wa wapagazi wake mwenyewe, mtu mwaminifu na wa kutegemewa, anaomba ruhusa ya kwenda kijijini kwake, ambacho kiko karibu. Anakwenda. Anarudi kama alivyoahidi, tena pamoja na ndugu yake. Wanatembea na jeshi. Ndugu anaondoka, Samarunga anabaki, akiwa na huzuni. Jenerali anamgawia sehemu ya nyama yake mwenyewe ili kumchangamsha. Asubuhi inayofuata Samarunga hayupo. Kabla ya kuondoka ameipanga mizigo yote ya bwana wake vizuri.

Kisa hiki ni kifupi sana, na kwangu ndicho chenye thamani kubwa kuliko sura zote za mapigano. Majina ya Waafrika kitabuni humo ni machache, na hapa tunaye mtu mwenye jina, mwenye ndugu, mwenye kijiji na mwenye siri. Mwandishi anampenda, hilo halina shaka. Lakini angalia mpangilio: kanuni kuhusu weusi imetangulia, mtu amefuata. Samarunga ameletwa kuthibitisha jambo ambalo limekwisha amuliwa juu ya rangi yake. Afisa wa Kijerumani anayetamani kwao katika kitabu hikihiki hutamani kama mtu mmoja. Mpagazi hutamani kama kabila.

Tena kisa kinakataa kazi kiliyopewa. Mtu aliyezidiwa na mapenzi ya nyumbani hangerudi mara ya kwanza. Samarunga alifika kwao, akawaona watu wake, akarudi jeshini kwa miguu yake, akaleta na mtu wa pili. Kuna jambo lililofikiriwa hapo. Labda alikuja kumwonyesha ndugu yake hali ilivyo. Labda walikubaliana atangulie mmoja. Labda kulikuwa na mshahara uliokuwa haujalipwa. Jenerali haulizi. Anatoa nyama. Na ile mizigo iliyopangwa vizuri, ambayo yeye anaisoma kama alama ya mwisho ya utii, mimi naisoma kama kazi iliyokabidhiwa: mtu amefunga hesabu yake, hadaiwi kitu, anaondoka mchana wa dhamiri yake mwenyewe. Hakuiba wala hakuharibu kitu. Mhusika ambaye mwandishi alimchora bapa amejijaza mwenyewe, kwa tendo moja ambalo mwandishi, kwa kuwa mkweli wa mambo madogo, alishindwa kuliacha nje.

Samarunga hakuwa peke yake. Kwa hesabu zilizokusanywa na upande wa Wajerumani wenyewe, askari zaidi ya 2,000 walitoroka katika miaka ile minne, mbali na maelfu waliotekwa au wasiojulikana walikoishia, na hapo wapagazi hawajaguswa. Abercorn walifika askari zaidi kidogo ya 1,000. Sifa ya uaminifu imejengwa juu ya hao waliobaki, na hata hao walikuwa na sababu zao. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika utafiti wake wa 2014, ameonyesha kwamba askari wa Wajerumani walikuwa watu wenye mipango: walitafuta mshahara, wake, watumishi, ng'ombe, na heshima ya kuitwa wakubwa katika jamii. Kufikia 1918 aliyeondoka jeshini aliondoka kwenye ulinzi, kwenye chakula, na kwenye deni la mshahara ambalo angelipwa tu kama Ujerumani ingebaki hai. Hayo ni mahesabu ya mtu mzima. Ukiyaita mapenzi ya mtoto kwa baba yake, umemsifu na kumpokonya akili kwa mkupuo mmoja.

Ukurasa mwingine unaodai kusomwa polepole ni ule wa msafara. Nyuma ya kombania walitembea wake wa askari, mizigo kichwani, watoto mgongoni, wakiongozwa na askari mzee anayeheshimika. Jenerali anasema wanawake hao walipenda rangi kali, na baada ya kuteka ghala kubwa la adui msafara wote, wenye urefu wa maili kadhaa, ulifanana na maandamano ya sikukuu ya kanivali. Taswira imekolea, na kwa macho ya mchoraji ni nzuri. Lakini ni taswira ya mtu aliye pembeni ya njia. Kwa mwenye kuuona msafara kwa mbali, kitambaa ni rangi. Kwa mwanamke aliyekivaa, kitambaa kilikuwa mali, pengine mali pekee ya kubadilisha na unga au mbegu siku vita vitakapokwisha. Baadhi yao walijifungua njiani na kuendelea kutembea. Wengine walikuwa wamechukuliwa kwa nguvu vijijini. Kanivali haina nafasi ya mambo hayo, na mfano huo uliteuliwa na mtu asiyetaka kuyapa nafasi.

Waingereza nao walimsaidia, kwa sababu zao. Tanga iliwaaibisha. Jeshi kubwa lililoletwa kutoka India lilirudishwa baharini na kikosi kidogo, na lawama zikamwagwa haraka juu ya askari wa Kihindi, kana kwamba wao ndio waliokataa kupeleleza pwani kabla ya kushuka. Baadaye Jenerali Smuts wa Afrika Kusini alimfukuza Lettow-Vorbeck kuanzia 1916 bila kumnasa. Katika hali hiyo adui mkubwa ni msamaha. Kadiri jenerali wa Kijerumani anavyorefuka ndivyo makosa ya maafisa wa London na Pretoria yanavyofupika. Mwaka 1929 alialikwa London kwenye chakula cha jioni cha heshima pamoja na Smuts na maafisa waliompiga vita. Sifa za uungwana wa vita vile zilithibitishwa mezani, baina ya Wazungu. Wapagazi waliobebeshwa na Waingereza walifikia karibu milioni moja, na waliokufa kati yao, kwa hesabu rasmi pekee, ni zaidi ya 90,000.

Yaliyoandikwa kwenye karatasi yalichongwa pia. Kabla ya vita, Dar es Salaam ilikuwa na sanamu ya gavana Hermann von Wissmann: Mzungu juu ya nguzo akitazama mbali, na chini yake askari Mwafrika akimwinulia uso, akiilaza bendera juu ya simba aliyekufa. Ni kitabu kizima cha Lettow-Vorbeck, kilichotungwa miaka kumi kabla. Waingereza waliing'oa wakaipeleka kwao, kisha ikafika Hamburg, ikasimamishwa mbele ya chuo kikuu hadi wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Mjini Hamburg pia kuna michongo ya udongo uliochomwa ya Walter von Ruckteschell, aliyekuwa msaidizi wa jenerali vitani na kuchora picha za vitabu vyake. Ilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya kambi ya jeshi iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck, chini ya utawala wa Wanazi. Mmoja una askari wanaomfuata kiongozi wa Kizungu, mwingine una wapagazi. Hatua zao ni sawa, miili imelingana. Mpaka leo mjadala unaendelea Hamburg kuhusu mahali pa kuiweka na maelezo ya kuiandikia.

Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson, ilichukua nafasi ya Wissmann, na kifani ilileta mabadiliko ya kweli. Mzungu ameondoka juu. Askari yuko peke yake, ameinama mbele, singe imeelekea bandarini, hamtazami yeyote kwa kumnyenyekea. Iliyopo Nairobi, ya msanii huyohuyo, ina watu watatu, na mpagazi ni mmojawapo. Napenda sanamu hizi kuliko ninavyopenda kukiri. Hata hivyo zina askari mmoja anayesimama badala ya wote, pasipo jina lolote chini yake, wakati makaburi ya Wazungu wa vita vilevile yana jina, cheo na tarehe. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wa Dar es Salaam na Nairobi wameachiwa majina ya mitaa, Kariakoo na Kariokor, yaliyotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao.

Jenerali alikufa Hamburg mwezi Machi 1964, na waziri wa ulinzi, Kai-Uwe von Hassel, mzaliwa wa Tanganyika, akahudhuria mazishi. Mwaka huohuo Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Hapo ndipo panapotoka kisa kinachosimuliwa karibu kila jenerali huyu anapotajwa: wazee wanafika Mwanza, wengi hawana vyeti, ofisa wa malipo anampa kila mmoja fimbo ya ufagio na kumpigia amri za gwaride kwa Kijerumani, nao wote wanazitekeleza bila kosa. Wasimuliaji hukitoa kwa furaha, kama uthibitisho wa uaminifu usiozeeka. Kimetungwa kwa ustadi uleule wa kitabu. Wazee hawana majina, hawasemi neno, na wanatambulika kwa kutii. Hakuna anayeulizwa alipigana wapi, kamanda wake aliitwa nani, alidai kiasi gani. Kwamba askari wa zamani angeweza kuthibitisha utumishi wake kwa kuusimulia, kisa hakiwazi.

Yupo aliyejaribu kuusimulia. Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, aliingia vitani akiwa mtoto, pamoja na baba yake aliyekuwa askari. Alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa mnamo Oktoba 1917 na kutekwa na Waingereza. Mwaka 1929, mwaka wa karamu ile ya London, alifika Berlin akidai mshahara wake na wa marehemu baba yake. Jenerali wake wa zamani alikuwa wakati huo mbunge katika mji uleule. Wizara ilimjibu kwamba amechelewa. Husen alibaki, akafanya kazi ya uhudumu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akacheza filamu za kusifu ukoloni. Aliomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa katika kambi ya Sachsenhausen.

Ningependa kumbukumbu za jenerali zisomwe sambamba na madai ya Husen, kwa maana dai la mshahara nalo lina fani yake. Lina jina la mdai na la baba yake, lina kipindi cha kazi, na lina mdaiwa aliyetajwa. Ndani yake Mwafrika ni nafsi ya kwanza na Ujerumani ndiyo inayopaswa kujibu. Neno uaminifu likiingia kwenye maandishi ya namna hiyo linageuka kuwa upande mmoja wa mkataba, na upande wa pili una tarakimu. Dai lililokataliwa mwaka 1929 kwa kuchelewa lilionekana halali mwaka 1964, miaka ishirini baada ya mdai kufa kambini.